Jibu la Kukariri

Kamba ya kiatu cha Mukai ilikatika katikati ya soko la Kariokor, Jumamosi saa saba mchana, mwaka wa 1978, saa ambayo hata mwenye viatu vizima hupita hapo kwa kusukumana. Alikuwa amevaa gauni la rangi ya maziwa, mshipi mwekundu, na viatu vya soli nene vilivyompa kimo asichokuwa nacho. Akarukaruka kwa mguu mmoja hadi kibanda cha kwanza alichokiona.

Ndani, kijana mrefu mwenye aproni ya ngozi alikuwa akichonga viatu vya akala kutoka kwa tairi kuukuu, huku akinong'ona peke yake.

"Risk. Reckless. Cautious." Hilo la mwisho alilitamka vibaya hata Mukai akasahau kiatu.

"Kaka, hilo neno limekukosea nini?"

Kijana akainua macho, akamwona, akaangusha kisu. "Sista, kama unalijua, nisaidie. Kiatu nitakushonea bure."

Mukai alilijua. Alikuwa opereta wa simu katika kampuni moja ya Industrial Area, kutwa akizungumza Kiingereza laini na watu wasioujua uso wake. Kijana mwenyewe, Ngigi, fundi wa ngozi, alitaka kwenda Uingereza. Mafundi wanane waliwania nafasi mbili za kusomea kazi hiyo huko kwa miaka miwili. Kilichobaki ni mtihani wa kuzungumza, na mada ilishatangazwa: kujitosa kwenye mambo ya hatari.

"Sasa, reckless ni nani?" aliuliza Ngigi.

"Ni fundi anayekata ngozi bila kupima."

"Na cautious?"

"Anayepima mpaka soko linafungwa."

"Huyo ni mimi. Na wewe je?"

"Mimi napokea simu za watu tu. Shona, nimechelewa."

Jumamosi iliyofuata Mukai alirudi, ingawa kiatu chake hakikuwa na kasoro yoyote. Walianza kusoma pamoja kwenye benchi nje ya kanisa, mtaa wa Bahati, alikoishi Mukai na shangazi yake Kavata. Na kila asubuhi saa mbili u nusu, Ngigi alimpigia simu kazini kutoka dukani kwa Roble, jirani yake sokoni.

"Hallo, madam. Naomba idara ya macho mazuri."

"Idara hiyo imefungwa, bwana." Mukai alikuwa akikata simu hapo hapo, uso ukimwaka. Simu za binafsi zilipigwa marufuku. Opereta aliyemtangulia alifutwa kazi kwa simu moja ya dakika nne, na msimamizi, Bi. Benta, alikaa nyuma ya maopereta na masikio yake yote mawili.

Shida ilikuwa moja tu, na Mukai aliijua vizuri: kila neno alilomfundisha Ngigi lilimsogeza karibu na ndege. Alimpenda. Usiku aliomba Ngigi apite mtihani, kisha akaomba Mungu asisikie sana.

Jumapili moja akajifanya mtahini. Akaketi wima, akauliza kwa Kiingereza: mtu anayetaka kufika mbali awe tayari kuhatarisha nini?

Ngigi akasimama, mikono nyuma kama mtoto wa shule, akamwaga Kiingereza kisicho na doa. Angeacha kila kitu, alisema, nyumbani, marafiki, hata mwanamke ampendaye. Mwanamke, akakohoa kidogo, ni mzigo kwa mtu anayethubutu.

Mukai akaacha kujifanya mtahini. "Hayo ni maneno yako?"

Ngigi alitaka sana kuonekana msomi mbele yake. "Ni yangu," akasema. "Nimeyatunga mwenyewe."

"Basi umeiva. Hunihitaji tena." Akaokota mkoba wake, akaingia ndani.

Kesho yake saa mbili u nusu taa ya swichibodi iliwaka. "Idara ya macho mazuri tafadhali," sauti ilisema, ikiwa imepungua mbwembwe. Mukai akachomoa waya bila neno. Ikawa hivyo wiki tatu. Akaacha kupita Kariokor, akazunguka njia ndefu, na bado harufu ya gundi ya viatu ilimfuata mpaka kitandani. Alimkosa Ngigi mpaka akamchukia kwa hilo.

Jumamosi ya mwisho kabla ya mtihani, shangazi alimtuma nyama soko la Burma. Hapo akakutana na Patrobas, mshona mikoba, mmoja wa wale mafundi wanane, aliyewahi kumwona kwa Ngigi.

"Dada Mukai, hebu nisikilize kidogo. Mtihani ni Jumatatu." Akaweka mikono nyuma. Angeacha kila kitu, alisema kwa Kiingereza, nyumbani, marafiki, hata mwanamke ampendaye. Na alipofika pa mwanamke, akakohoa.

"Umeyatoa wapi hayo?"

"Ya mwalimu wetu wa jioni. Sote wanane tumeyakariri, pamoja na kikohozi. Ngigi ndiye aliyeyamaliza kwanza."

Mukai akacheka, machozi yakamtoka, akaiacha nyama juu ya meza ya bucha na kukimbia Kariokor. Kibanda kilikuwa kimefungwa. Ngigi, jirani alimwambia, alikuwa ameenda kwao kuombewa na mama yake, na angerudi Jumatatu.

Jumatatu, saa mbili u nusu, taa ikawaka.

"Idara ya..."

"Ngigi, lile jibu ni la mwalimu."

"Niliogopa utaniona mjinga."

"Mtahini atalisikia mara nane, mjinga wangu. Sema lako."

"Langu ni fupi. Nilisema uongo mmoja, nikakupoteza wiki tatu. Sijawahi kuhatarisha kitu kikubwa kama hicho."

"Liseme hivyo hivyo." Taa ya meneja iliwaka. Nyuma yake kiti cha Bi. Benta kililia. Mukai hakuchomoa waya.

"Mukai, nikipita ni miaka miwili. Nikifeli nabaki. Wewe unataka nini?"

Taa ya meneja ilizidi kupepesa.

"Nataka ubaki," akasema. "Sasa nenda ukapite."

"Kabla ya ndege nitakuja kwenu Machakos na wazee wangu. Mnapokea mahari gani?"

"Mbuzi watatu. Na uje umevaa viatu, si akala."

Akachomoa waya. Bi. Benta alikuwa amesimama juu yake. "Hiyo ilikuwa simu ya nani?"

"Yangu, Bi. Benta."

Yule mama akampa leso yake. "Pangusa macho," akasema. "Meneja anasubiri."

Ngigi alipita. Mbuzi walifika Desemba, watatu, na Januari akapanda ndege. Mukai alibaki mbele ya swichibodi yake, na kila ilipowaka taa ya simu za ng'ambo, aliiwahi kabla Bi. Benta hajainua kichwa.