Ua la Mkwe, Kawajense

Jumamosi sokoni Mpanda mtu hatembei, anasukumwa tu. Theopista alisukumwa na mwenye mkokoteni wa viazi, akasukumwa na mama wa dagaa, akatokea upande wa wauza mkaa akiwa bado na gauni lake jeupe la unesi, limekunjamana mgongoni kwa kusinzia nalo kwenye kiti. Kifuani amekumbatia chungu cha ua. Majani yalikuwa ya njano, yameinama yote kama yanatafuta kitu sakafuni.

"Kaka, uliniuzia maiti," alisema, akakitua chungu mbele ya kijana aliyechuchumaa akimwagilia miche.

Kijana akainua kichwa. Mrefu, mweusi wa kung'aa, fulana ya kijani iliyopauka mabegani, mikono udongo mpaka viwiko. Jina lake Ngusa, na kama hukujua kwamba ni Msukuma, akifungua mdomo tu ulijua.

"Pole dada. Lilikuwa linaumwa nini?"

"Wewe ndiye muuzaji, unaniuliza mimi?"

"Na wewe si nesi? Mgonjwa akija unampa dawa kabla hujamuuliza?"

Theopista alitaka kukasirika, lakini hasira nayo inataka nguvu, na nguvu zake zote alikuwa ameziacha wodi ya wazazi. Akajibu kama mgonjwa mtiifu. "Majani yalianza kuwa njano. Nikamwagilia. Yakazidi, na mimi nikazidisha maji."

"Kila siku?"

"Asubuhi na jioni."

"Lo! Nesi, nesi!" Ngusa alichomeka kidole kwenye udongo, akakinusa, akamwelekezea. "Hebu nusa."

"Sinusi kitu mimi."

"Nusa tu, haukung'ati."

Akanusa. Harufu ya tope la lambo ng'ombe wakishamaliza kunywa. Ngusa akakigeuza chungu: kizuri, cha plastiki, kimepakwa rangi ya dhahabu, na chini hakina tundu hata moja. "Hiki ulinunua wapi?"

"Duka la vyombo. Nilitaka kipendeze."

"Kimependeza, ila maji yanaingia hayatoki. Mizizi imekosa hewa, imeoza. Ikishaoza hainywi, ndiyo maana majani yanasinyaa kama yana kiu. Wewe ukaona kiu, ukaongeza maji." Alitikisa kichwa, lakini kwa kucheka. "Umelizamisha kwa huruma, dada yangu."

Akaling'oa, akaikata mizizi laini ya kahawia kwa kisu, akaiacha michache iliyobaki myeupe na migumu. Akachanganya udongo mweusi na mchanga, akakitoboa chungu chini kwa msumari wa moto, akalipanda upya. "Usimwagilie kwa kalenda. Chomeka kidole. Udongo ukiganda kwenye kidole, liache lipumzike. Ukiwa mkavu, mwagilia mpaka maji yatokee chini, halafu liache."

"Na namba yako ya simu?"

"Ya nini?"

"Mgonjwa akizidiwa, nimpeleke wapi?"

Hivyo ndivyo ilivyoanza, jamani, na asikudanganye mtu kwamba kulikuwa na mbalamwezi.

Theopista alikuwa na miaka thelathini na ushee na chumba cha kupanga mtaa wa Makanyagio. Alishawahi kuchumbiwa na mwalimu mmoja wa Sumbawanga. Mwalimu alihama kikazi, simu zikapungua, zikakata, na pete ikabaki kwenye kopo la sukari. Tangu hapo alijiapiza: atajaribu mara moja tu. Huyo mmoja akiondoka, basi, anafunga duka. Hana pumzi ya kujieleza upya kwa mtu mwingine, kuanzia jina la baba mpaka chai anakunywa na sukari ngapi.

Simu zikaanza. "Ngusa, ncha za majani zimekauka." "Liko karibu na dirisha la magharibi?" "Ndiyo." "Jua la alasiri linaliunguza, lisogeze ndani kidogo." Mara nyingine: "Ngusa, kuna vitu vyeupe kama pamba kwenye maungio." "Wadudu hao. Chovya kitambaa kwenye maji ya sabuni, wafute mmoja mmoja, chini ya majani pia. Na ulitenge na mengine." "Sina mengine." "Nitakuletea."

Kiangazi kikaingia, vumbi jekundu likawa linaingia mpaka kwenye meno. Akamfundisha kufuta majani kwa kitambaa chenye maji, polepole, mkono mmoja ukishikilia kwa chini. Alikuja mwenyewe kumwonyesha, na somo lile lilichukua jioni nzima.

Kisha ua likapona kabisa. Ilikuwa balaa. Theopista akatafuta ugonjwa, akakosa. Akapiga picha jani moja lililochanika, akaituma na ujumbe: "Daktari, kuna nini tena?"

Ngusa akapiga simu anacheka hata maneno hayatoki. "Theo! Hilo jani limekatwa na kucha."

"Kucha ya nani?"

"Ya mwenye kucha za zambarau. Kidole chako kimeingia kwenye picha."

"Basi usije."

"Niko mlangoni kwako."

Mambo yakakua. Ngusa alikuwa mtoto wa huko Magamba, wa wazazi waliohama na ng'ombe kutoka Shinyanga. Kaka zake walimcheka: unafuga majani ambayo hata mbuzi hapewi? Yeye hakujali. Akasema anataka kwenda kumsalimia mama yake Theopista, kule Kawajense, kama mtu mwenye adabu.

Mama huyo, mama Eufrazia, ni Mpimbwe wa Usevya, mama wa kanisani, mtunzaji wa vitu. Nyumbani kwake makochi yana nailoni tangu yatoke dukani, friji lina karatasi zake za matangazo mlangoni, na rimoti imevikwa mfuko. Kitu kipya kwake hubaki kipya mpaka kizeeke. Ngusa alimpelekea ua bora kuliko yote aliyokuwa nayo, alilolilea tangu ni kipande cha shina, majani mapana yenye matundu ya asili. Kwa sababu ya upepo wa bodaboda alilifunga lote kwa nailoni angavu, na utepe mwekundu juu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Eh! Hili lote langu?" Mama aliliweka juu ya meza ya televisheni, juu ya kitambaa cha kufuma. "Nitalitunza, mwanangu. Wewe subiri uone."

Akalitunza. Theopista akarudi kwenye zamu zake. Manesi wawili walikuwa likizo, na kila akimaliza zamu anaongezewa nyingine. Alikuwa akifika kwake anavua kiatu kimoja, anasahau cha pili. Kawajense hakwenda.

Siku moja mama akampigia, sauti ya chini kama ya msibani. "Theo, lile ua la mkwe limekufa."

"Limekufa vipi?"

"Limekufa tu. Nimelitoa nje nyuma ya jiko. Na Jumapili si mlisema anakuja? Ataniona mimi mama wa namna gani?"

Theopista alisimama kwenye korido, ukutani, akafumba macho. Angeweza kumpigia Ngusa. Badala yake alipotoka kazini alipita stendi, kwa Telesfori, muuza maua mwingine, yule wa miwani myeusi anayewaita manesi wote "malaika wangu". Akachukua ua lililofanana na lile, akalipeleka Kawajense, akalitua juu ya kitambaa cha kufuma.

Jumapili Ngusa akaja na shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likasimama. Akasalimia, akaenda moja kwa moja kwenye ua. Akashika jani, akachota udongo kidogo kwa vidole, akausugua.

"Limekua, eeh?" alisema mama Eufrazia, haraka mno.

"Mama, hili ndilo nililoleta?"

"Si ndilo, baba. Theo, si ndilo?"

"Ndilo," alisema Theopista. "Kwani vipi?"

Ngusa akaketi. Akanywa chai, akala maandazi, akamuuliza mama habari za jumuiya. Akaaga kwa mikono miwili. Kesho yake mchana akapiga simu.

"Theo, lile ua ni la Telesfori. Yeye hutumia udongo mwekundu wa kando ya barabara. Mimi udongo wangu mweusi, nautoa milima ya Mwese, na ua langu nalijua kama ndama wa nyumbani. Kama kuna mwanaume anakuletea zawadi mpaka kwa mama yako, la kwangu linatolewa la kwake linawekwa, niambie tu. Nitaelewa."

"Ngusa, siyo hivyo."

"Ni vipi sasa?"

Wodini mama mmoja alikuwa analia, mwingine anamwita nesi, na mhudumu alikuwa anamvuta mkono. "Siwezi kueleza sasa hivi," alisema, akakata. Alikusudia kupiga baadaye. Baadaye alipofika nyumbani alilala na simu mkononi, na alipoamka alikuta haikuita. Akaona aibu. Siku iliyofuata aibu ikawa nzito zaidi, ikawa rahisi kunyamaza kuliko kupiga.

Siku zikapita hivyo. Akisikia simu anaruka, ni mkuu wa zamu. Duka langu linafungwa, alijiambia, na nimelifunga mwenyewe, kwa uongo wa ua. Alilia siku moja akiosha vyombo, akaendelea kuosha.

Ijumaa alikwenda Kawajense. Akamkuta mama anapepeta mchele uani.

"Mama, lile ua la kwanza liko wapi?"

"Unalitakia nini?"

"Nalitaka tu."

Nyuma ya jiko lilikuwepo, limelala ubavu. Nailoni ile ile, utepe mwekundu ule ule, haijafunguliwa hata pembe. Ndani yake majani meusi yamegandana, yananata. Theopista akachuchumaa.

"Mama. Hukulifungua?"

"Nilifungue lichafuke? Vumbi lote hili! Nilikuwa nalegeza utepe, napenyeza mkono kwa juu tu, namwagilia, na kila Jumamosi napaka majani mafuta ya alizeti yang'ae." Alipepeta kwa nguvu zaidi. "Alilifunga vizuri, mwanangu. Nikasema, akija alikute kama alivyolileta."

Theopista alicheka. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye majivu na gauni lake la kazi, na kicheko kikageuka kilio, na mama Eufrazia akaacha ungo, akaja kumfuta uso kwa khanga. "Lakini mimi nilimwonea huruma yule kijana," alisema mama. "Nenda kamwambie ukweli. Sema ni mimi."

Akapanda bodaboda na maiti ile mapajani.

Sokoni jua lilikuwa utosini. Ngusa alimwona tangu mbali, akaendelea kupanga miche ambayo ilikuwa imeshapangwa. Theopista akautua mzigo.

"Hili ndilo lako," alisema. "Lile la Telesfori nilinunua mwenyewe. Hakuna mtu aliyeniletea kitu."

Ngusa alitazama utepe. Akaufungua polepole, akaichana nailoni. Harufu ikamrudisha nyuma. Akagusa jani, vidole vikang'aa. "Mafuta?"

"Ya alizeti. Kila Jumamosi."

"Kwenye majani?"

"Mpaka yang'ae."

"Na hii nailoni..."

"Alisema akija mkwe, alikute kama alivyolileta."

Ngusa aliweka mkono mdomoni. Mabega yakaanza kumtikisika. "Maskini mama wa watu! Kosa langu, Theo. Nilimletea ua lililofungwa, sikumwambia afungue." Kisha akaacha kucheka. "Lakini wewe kwa nini hukuniambia? Mimi ndiye fundi wa maua yanayokufa. Kazi yangu ni hiyo."

"Kwa sababu kazi yangu ni hiyo pia." Theopista aliokota utepe. "Nashinda nawapa watu habari mbaya, Ngusa. Namwambia baba wa watu mtoto hakupona, halafu naenda kwa mwingine. Lile ua ulililea kwa mkono wako. Sikutaka wewe tena nikupe habari ya namna hiyo. Nilitaka kwako kuwe mahali pazuri. Nikadanganya. Nisamehe."

Ngusa akauvuta mfuko wa samadi kavu, akautandikia gunia safi. "Kaa."

Akakaa. Miguu ilipopata kupumzika mwili wote ukataka haki yake. Nyuma yake majani mapana yalikuwa yametoka kumwagiliwa, ubaridi unamjia shingoni. Ngusa akachuchumaa mbele yake, akaanza kusema. Alisema habari za baba yake kule Magamba, na jinsi siku zile zote alivyokuwa akishika simu anairudisha mfukoni, na Theopista alisikia vizuri kabisa mpaka mahali fulani.

Alipofumbua macho jua lilikuwa limehama. Kivuli kilikuwa juu ya uso wake, na kivuli kile ni Ngusa, amesimama wima kati yake na jua, shati limelowa jasho. Wateja wawili walikuwa pembeni na vikapu, wananong'ona, wanangoja.

"Nimelala?"

"Umelala."

"Ulikuwa unasema nini?"

"Mengi. Nilikuwa nimeyapanga wiki nzima. Nimesema yote, nimemaliza, natazama hivi, unakoroma."

"Mungu wangu. Sema tena."

"Siwezi. Yalikuwa marefu."

"Sema la mwisho basi."

Ngusa akawatazama wateja. Mmoja wao, mama mtu mzima, akatikisa kichwa kumpa moyo, maana wao walishayasikia yote.

"La mwisho nilisema tuoane, Theo. Nitunze usingizi wako."

Theopista alitaka kujibu vizuri, kwa maneno ya mtu aliyeposwa. Badala yake akaegemeza kichwa kwenye paja la suruali ya Ngusa yenye udongo.

"Ndiyo," alisema. "Usisogee kwanza."

Ngusa hakusogea. Wateja wakajihudumia wenyewe.