Kisima Kilichotoboka Chini

Mgudeni kulikucha kwa kelele za vibuyu. Wanawake walishuka kisimani, wakateka maji, wakataniana, kisha wakarudi nyumbani kutwanga mpunga.

Mgudeni kilikuwa kitongoji kidogo karibu na Kisawasawa, chini ya milima ya Udzungwa. Kilikuwa na majirani wawili. Upande wa mto kulikuwa na Kichangani. Upande wa njia ya Ifakara kulikuwa na Mikunguni. Ulikuwa mwaka wa saba tangu Vita vya Maji Maji vianze. Mdachi ndiye aliyetawala. Watu waliokimbilia porini walikuwa wamerudi, wamejenga upya na kulima upya. Kila kitongoji kilikuwa na kisima chake na msimamizi wake, na kila msimamizi aliringia cha kwake.

Msimamizi wa Mgudeni aliitwa Apolinari. Alikuwa fundi wa kuchimba, mwenye mikono migumu na maneno mengi.

"Kile cha Kichangani ni shimo la panya," alipenda kusema.

"Shimo hilo la panya lina maji, baba Rosa," mkewe Digna alimjibu. "La kwako lina sifa."

Digna hakukosea. Mwaka ule mvua zilikuwa haba, na visima vyote vitatu vilipungua. Kamba zikaunganishwa, na bado vibuyu vilirudi nusu. Ndipo akida wa serikali akapita akitangaza: "Nitarudi baada ya siku kumi. Kitongoji nitakachokikuta hakina maji nitakihamishia kando ya barabara ya boma, kwenye mashamba ya pamba."

Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Kuhamia huko kulikuwa kuacha mashamba na makaburi, na kulima pamba ya mwingine. Apolinari alikwisha kukimbia nyumba yake mara moja, wakati wa vita. Aliapa kwamba hataikimbia tena.

Kesho yake alikwenda Mikunguni kwa Bwanaheri, mwenye duka na msimamizi wa kisima cha huko, akaazima mtaimbo.

"Unakwenda kuchimba nini?" Bwanaheri aliuliza.

"Maji, mzee wangu. Nitashuka mpaka niyakute mengi."

"Haya, yachimbe. Ila mtaimbo wangu urudi."

Apolinari alishuka kisimani. Digna na wanawake wengine walivuta makapu ya udongo juu. Fundi alipita mchanga wenye maji, akafika kwenye udongo wa kijivu, mgumu, unaonata. Alifurahi. Aliamini kwamba chini ya udongo ule kuna maji mengi yaliyofungiwa. Akaupiga mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mara ya nne mtaimbo ulizama wote mpaka kwenye ngumi zake.

Alisikia maji yakigugumia. Yalikuwa yamefika katikati ya miguu yake. Yalizunguka, yakashuka, yakaisha. Aliingiza mkono tunduni, akatoa mchanga mweupe, mkavu.

"Digna," aliita kwa sauti ndogo. "Yamekimbia."

Akapanda juu na kwa aibu akawasihi mkewe na wanawake wenzake wasimwambie mtu.

Lakini maji hayafichi siri. Baada ya siku moja, kisima cha Kichangani kilishuka shubiri mbili, na cha Mikunguni shubiri moja. Jioni, Fulgensi, msimamizi wa Kichangani, aliingia Mgudeni na vijana sita wenye fimbo.

"Mmechimba kirefu, mmetuibia maji," alisema.

"Tumeyaweka wapi?" Digna alimuuliza. "Chungulia kisimani. Sisi wenyewe tunalamba matope."

Fulgensi alichungulia, akakuta matope tu. Hasira yake ikakosa pa kushika. "Basi kesho alfajiri nami nachimba," alisema. "Nitapita hapo ulipoishia wewe, Apolinari, tuone nani fundi." Akaondoka na vijana wake.

Digna alimgeukia mumewe. "Siku zote una maneno mengi. Leo yameishia wapi? Mwenzio akitoboa kama ulivyotoboa wewe, tutahama wote."

Apolinari alichukua donge la ule udongo wa kijivu, akaenda mbio kwa jirani yao, Mama Emerensiana. Huyu alikuwa mfinyanzi wa vyungu tangu usichana wake, na hakuna udongo bondeni ambao hakuujua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unahema?"

Alimpa lile donge na kumwambia kwamba Fulgensi naye anataka kuchimba. Mama Emerensiana alilifinya, akalinusa, akalikunja kama kamba. Halikukatika.

"Huu ni udongo wa chungu kabisa. Chini yake ulikuta nini?"

"Mchanga mkavu."

Mama akaliweka donge chini. "Apolinari, umetoboa chungu."

"Chungu gani, mama?"

"Chungu tunachonywea sote. Mvua ikinyesha, na vijito vikishuka mlimani, maji hupenya mchangani. Hayapotei, kwa sababu udongo huu umetanda chini yake na kuyashikilia. Sasa umeutoboa, nayo yanavujia kwenye mchanga mkavu, mbali na kamba zetu. Na huyo Fulgensi anachimba lini?"

"Alfajiri."

"Basi alfajiri tuko kwake. Nawe utasema ulichofanya, mimi sitakusemea."

Kulipopambazuka walikimbia kwenda Kichangani. Mama alibeba chungu kipana alichokuwa amekitengeneza ili akakiuze Ifakara. Bwanaheri naye alikuwapo, amekuja kulalamika. Kijana mmoja alikuwa tayari ndani ya kisima, na jembe lake lilisikika likigonga kitu kigumu.

"Mtoe huyo kijana," Mama Emerensiana alisema. "Mtoeni kwanza, matusi baadaye."

Wakamvuta juu. Jembe lake lilikuwa limepakaa udongo wa kijivu.

Mama alijaza chungu mchanga, akamimina maji mpaka mchanga ukalowa. Kwa vidole akachimba vishimo vitatu. Maji yakajikusanya katika vyote vitatu, yakalingana.

"Mgudeni, Kichangani, Mikunguni," alisema. Akayateka maji ya kishimo kimoja kwa kata, tena na tena. Vile viwili vingine vikaanza kupungua.

"Lakini hicho cha kwetu hukukigusa," Bwanaheri alisema, akiinama.

"Ndiyo, sikukigusa. Na bado kimepungua."

Kisha akainua chungu chake kizuri, akaazima mshale wa kijana mmoja, akaweka ncha yake kwenye kitako, akaigonga kwa jiwe. Tundu likatokea. Maji yakatiririka vumbini, na vishimo vyote vitatu vikakauka mbele ya macho ya watu.

"Ni mimi," Apolinari alisema. "Juzi nilitoboa. Nikaona haya kusema. Nisameheni."

Fimbo ya Fulgensi ilipanda. Fulgensi aliutazama uso wa Apolinari, akakitazama chungu kinachovuja, akaishusha fimbo.

"Kinazibika?" aliuliza.

"Kinazibika," Mama alisema. "Ila leo hii."

Basi ilikuwa kazi ambayo bonde lile liliizungumza kwa miaka. Vitongoji vitatu vilimwagika Mgudeni na majembe, makapu na michi. Wanawake walichimba udongo wa mfinyanzi. Watoto wakaukanyaga kwa miguu, huku Mama Emerensiana akifoka kwamba asione hata jani moja ndani yake. Watu walijipanga mstari, madonge yakapita mkono kwa mkono, Mkristo akimpa Mwislamu, Kichangani akimpa Mgudeni. Apolinari alishuka kisimani, na wa pili kushuka alikuwa Fulgensi. Walilipanua lile tundu, wakalijaza udongo kidogo kidogo, na kila tabaka wakalitwanga kwa mchi mpaka likawa gumu. Walipotoka jioni walikuwa wa rangi moja, hata wake zao waliwacheka.

"Sasa tuvipumzishe visima," Mama alisema. "Siku tatu asiteke mtu. Maji ya kunywa tutayafuata mlimani, kwani ya mtoni hayanyweki."

Mlimani kulikuwa mwendo wa saa mbili. Watu walinung'unika, lakini walikwenda. Bwanaheri alikata mwanzi mmoja, akauchanja alama, ili visima vyote vipimwe kwa kipimo kimoja na asiwepo wa kudanganya mwenziwe.

Asubuhi ya nne Fulgensi alipima, akapima tena, kisha akatoka mbio. Kisima cha Kichangani kilikuwa kimepanda vidole vinne. Cha Mikunguni kilipanda vitatu. Vigelegele vilisikika mpaka mtoni.

Kisima cha Mgudeni kilikuwa na matope tu.

"Palipotoboka ndipo palipokauka zaidi," Mama Emerensiana alieleza. "Kitarudi, lakini si leo wala kesho."

Na akida alikuwa njiani. Usiku ule wasimamizi watatu walikaa pamoja na kukubaliana. Kila mwezi ukiandama watavipima visima vyote pamoja. Maji yakipungua, wote watapunguza kuteka. Ng'ombe watanyweshwa mtoni. Na hakuna atakayechimba bila wenzake kujua.

Siku ya kumi, asubuhi na mapema, akida alifika na askari wawili. Alikagua Mikunguni, akakagua Kichangani. Kisha akachungulia kisima cha Mgudeni. Digna alimshika binti yake Rosa mkono. Vitu vyao vyote vilikuwa vimefungwa mzigo mmoja mlangoni.

"Hapa hapana maji," akida alisema. "Mtahama."

"Wanayo, bwana," alisema Fulgensi.

"Wapi?"

"Kule Kichangani. Wanateka pale, zamu yao ni asubuhi."

"Kile ni kisima chenu."

"Kamba ndiyo yetu, bwana. Maji yaliyo chini ni ya vitongoji vyote vitatu. Ukiwahamisha hawa, tuhamishe na sisi."

"Na sisi wa Mikunguni," Bwanaheri aliongeza.

Akida aliwatazama. Vitongoji vitatu vilikuwa vimesimama nyuma ya wasimamizi wao. Akakunja karatasi yake, akawaambia askari waendelee na safari.

Mvua za masika zilipopita, kisima cha Mgudeni kilijaa tena. Lakini siku ile ya akida, kabla vumbi la askari halijatua, Digna alibeba mtungi wake, akaenda Kichangani. Wenyeji walikuwa wamepanga foleni. Fulgensi aliwaomba wasogee, kisha akampa Digna kamba.

"Teka, mama Rosa," alisema. "Ni zamu yenu."