Sephora na Bahari ya Chile

Kila asubuhi Sephora alimpitia rafiki yake Marieke, nao wakaenda shuleni pamoja wakipiga soga, kuba la basilika ya Koekelberg, jijini Brussels, likiwa nyuma yao. Lakini wiki hiyo Sephora alitembea kimya, na soga zote zikawa za Marieke.

Chanzo kilikuwa ulimi wake mwenyewe. Shule zilipofunguliwa baada ya likizo ya Julai na Agosti, kila mwanafunzi wa darasa la sita alisimulia alikokwenda. Marieke alikuwa Uhispania. Sephora alikaa nyumbani likizo nzima, isipokuwa siku moja tu ambapo parokia iliwapeleka watoto baharini, Ostende, humo humo nchini. Aliona aibu, basi zamu yake ilipofika akasema alikwenda Chile, Amerika Kusini, kwa mjomba wake. Ulimi hauna mfupa. Akazidi kutia chumvi kwamba jua la Julai lilikuwa kali, naye aliogelea kila siku. Akaonyesha hata picha yake akiwa ufukweni na nguo ya kuogelea. Picha hiyo ilipigwa Ostende.

Mwalimu wao, Madame Gilberte, alifurahi. Akamwomba Ijumaa awaeleze wenzake jiografia na hali ya hewa ya Chile. Mchimba kisima huingia mwenyewe! Sephora akawa hana pa kutokea. Kila Marieke alipomuuliza habari za Chile, ilimbidi atunge uongo mwingine wa kuulinda ule wa kwanza. Aliogopa kumpoteza Marieke kuliko kitu chochote, kwa maana hakuwa na rafiki mwingine.

Alhamisi jioni alikaa jikoni na kitabu cha jiografia, mama yake akisonga bukari. Mama yake, Mwadi, alikuwa muuguzi katika mtaa jirani wa Jette, lakini alikulia Lubumbashi. Sephora akamsomea aliyoandika. Chile ni nchi ndefu na nyembamba, imebanwa kati ya milima ya Andes na bahari ya Pasifiki. Kaskazini kuna jangwa la Atakama, ambako miaka huweza kupita bila mvua. Katikati kuna mashamba ya zabibu, na kusini kabisa ni mvua, upepo na barafu. Akamalizia kwamba Julai ni mwezi wa joto na kuogelea.

Mama akauacha mwiko. "Joto gani mu mwezi wa saba?" akauliza. "Kwetu Lubumbashi mu mwezi wa saba kunakuwaka baridi. Asubuyi tunawashaka makala mu mbabula, tunaota moto. Na hiyo Chile mu ramani iko chini zaidi ya kwetu."

Sephora alizaliwa Brussels, na Julai aliyoijua ni ya kiangazi tu. Akafunua kurasa, akaona picha ya mji mkuu, Santiago, mwezi wa Julai: milima yote nyuma yake ni nyeupe kwa theluji. Akaangua kilio na kueleza yote. Mama alimwacha alie hadi akamaliza, kisha akamwambia aseme kweli mbele ya darasa zima, maana ndiko alikodanganya.

Ijumaa alisimama mbele ya darasa, akaiinua ile picha. "Hapa ni Ostende," akasema. "Sijafika Chile hata siku moja. Ningekuwa Chile mwezi wa Julai ningevaa koti, kwa sababu kule ni majira ya baridi. Niliwadanganya."

Wengine walicheka. Marieke aliinamisha kichwa, na Sephora alitamani ardhi ipasuke immeze. Hata hivyo akajikaza, akaeleza milima, jangwa na barafu mpaka mwisho. Ndipo mkono wa Marieke ukainuka polepole. Aliuliza watu wa jangwani hupata wapi maji.

Sephora akajibu kwamba wengine hutega ukungu kwa nyavu, matone yakachuruzika hadi kwenye matangi. Lilikuwa jibu lake la kwanza la kweli kwa Marieke wiki hiyo.

Walirudi nyumbani bila soga. Alipofika mlangoni kwao, Marieke akasema tu kwamba Jumatatu Sephora asichelewe kumpitia.

Jioni mama alisikiliza habari hizo, akamvuta binti yake karibu.

"Unaona, mutoto wangu," akasema. "Uongo ni nyumba ya bila mlango. Unaijenga mwenyewe, unajifungia mwenyewe. Kweli inauma, lakini kiisha unatoka."