Tangi la Maji Limehama?

Ile picha yenye beseni chini ya meza? Sogea nikwambie mwenyewe, maana mama yako huwa anaisimulia vibaya. Bibi yako hakunifumania na mwanamke, mjukuu wangu. Alinifumania na hatua.

Daktari alisema nitembee kila siku, presha ishuke. Mama yako akaniwekea kwenye simu kitu cha kuhesabu hatua na kukisia kilomita, na hesabu yenyewe anaipata na yeye huko kwake. Njia yangu moja tu: kutoka hapa mpaka tangi la maji, nageuka. Hatua elfu tatu, kilomita mbili, nusu saa na kidogo. Miezi miwili hivyo hivyo.

Jumatatu moja ujumbe ukaingia. Bibi yako ndiye aliyenisomea, mimi na herufi ndogo hatupatani.

"Hongera baba. Leo hatua elfu nne mia mbili, dakika hamsini. Karibu kilomita tatu!"

Akavua miwani polepole. Bibi yako akivua miwani polepole, ujue kuna mtu atajuta.

— Mzee, leo umetembea wapi?

— Kwenye tangi.

— Tangi la maji limehama?

Nikacheka. Peke yangu.

Jumanne hesabu ile ile. Jumatano ile ile. Alhamisi narudi, nakuta begi lake liko mlangoni, limefungwa.

— Hizo hatua elfu moja na mia mbili unampelekea nani?

— Simpelekei mtu, mama watoto.

— Yule wa duka la vitambaa pale kona, aliyefiwa na mumewe. Kila ukipita anakuita shemeji.

— Nilimjengea choo, ndiyo maana ananiheshimu.

— Na sasa unakwenda kukikagua kila siku?

Weee, moyo ulinienda mbio kuliko miguu. Miaka arobaini na moja ya ndoa, na mama yako ameshatumiwa ujumbe: "Nitandikie kitanda. Nakuja kukaa." Ukweli ninao, kuusema siwezi.

— Kama umenichoka sema tu, — akasema. Sauti haikuwa na ukali tena, na hapo ndipo iliponiuma. — Mimi si mtoto, nitaelewa.

Nikainamisha kichwa. Akaona ninaviangalia viatu vyangu vipya, vile alivyoninunulia yeye Jumapili. Akaviangalia na yeye.

— Ua huu uliupima kwa miguu yako wakati unajenga, — akasema. — Ukuta kwa ukuta, hatua ishirini. Mimi ndiye niliyekuwa nahesabu. Tembea.

Nikatembea. Akahesabu kwa sauti. Ishirini ikafika, ukuta bado uko kule. Nimekuja kuugusa kwenye ishirini na nane.

— Unatembea hatua fupi fupi kama bibi harusi. Hebu vua.

Vidole vilikuwa vyekundu kama nyanya. Akakaa kwenye ngazi, mguu wangu kauweka mapajani.

— Vinabana?

— Tangu Jumatatu.

— Na mdomo wako ulikuwa wapi?

— Ulivifunga utepe, mama watoto. Ukawaonyesha majirani wote. Mimi tangu nizaliwe hakuna aliyewahi kuninunulia kiatu. Ningeanzia wapi kusema?

— Mbona nilipima kwa uzi, kwenye kandambili zako?

— Kandambili zenyewe zimelika kisigino.

Akanitazama. Akaanza kucheka, machozi yanamtoka, anayafuta kwa kanga yake na bado anacheka.

— Fundi mzima. Kuta za watu unazipima, miguu yako inakushinda. Na mimi nafunga begi kwa ajili ya kiatu.

Mara mama yako huyo, anahema, sufuria la chakula kalibeba na kifuniko chake, maana alipopata ule ujumbe aliondoka nalo vilevile jikoni.

— Kuna nini hapa? Mama, unahama?

— Hakuna kitu, mwanangu, — bibi yako akajibu. — Tangi limerudi mahali pake. Lete sahani.

Akachemsha maji, akatia chumvi kwenye beseni, akalisukuma chini ya meza, miguu yangu ndani. Mama yako ndiye aliyepiga ile picha. Kule pembeni unaona begi, eh? Lilibaki palepale mpaka kesho yake. Bibi yako akavuta kiti karibu yangu, akanipakulia mimi kwanza, na sote watatu tukakaa, tukala.