Hodi Isiyobishwa

Ijumaa ile pilau ilinuka nywele zilizoungua. Pashmina aliimwaga, akapika upya, ikanuka vilevile. Mumewe Gulmarjan, mwanajeshi mstaafu, akasingizia samli mbovu. Lakini mtoto wao Zarwali, askari aliyekuwa likizoni, hakutia tonge mdomoni. Alishinda akijisugua mikono kwa majivu hadi ikachubuka, akisema mafuta hayatoki.

Gulmarjan aliyajua mafuta hayo. Msimu wa mavuno, kabla hajastaafu, mkuu wake alimtaka ushauri: gaidi amejificha katika nyumba moja bondeni, waende askari kumi na wawili wakamkamate, au iitwe ndege isiyo na rubani iilipue? Zarwali alikuwa mmoja wa hao kumi na wawili. Gulmarjan akasema ndege. Kumbe gaidi alishaondoka alfajiri. Waliobaki ni watu saba waliokuwa wakila chakula cha mchana, na wazikaji, Zarwali akiwa mmoja wao, hawakujua nyama ipi ni ya nani.

Siku ya tisa tangu Ijumaa ile, sinia likiwa limeandaliwa, Zarwali alianguka mchana kweupe, macho yamegeuka, akaanza kulia kwa sauti ya mwanamke, na ile harufu ikajaa nyumba nzima, ikashika mapazia, ikashika ndevu za baba mtu, ikateremka kooni hata Pashmina akatapikia shela yake, na nzi wakaingia makundi kwa makundi ingawa nje theluji ilikuwa haijayeyuka.

Mulla Hazratnur akaitwa. Alisoma, akapuliza, akamuuliza aliyemo ni nani.

"Mwenye nyumba ya bondeni," sauti ikajibu. "Baba mtu angemtuma huyu kijana. Angebisha hodi, ningemfungulia, angewaona wanangu."

"Tukupe nini utoke?"

"Aseme tu kwamba alikosea."

Mulla akamgeukia Gulmarjan. "Sema, ndugu yangu. Ni neno moja tu."

Gulmarjan alikitazama kifua cha mwanawe kikipanda na kushuka.

"Njia ile ilitegwa mabomu," akanong'ona. "Wenzake wangapi tumewazika vipandevipande? Wangu yu hai. Siwezi kusema nilikosea."

Pashmina alimtazama mumewe kama anayetazama kitu kilichooza.

"Basi tutakaa," sauti ikasema kwa upole.

Zarwali akaketi, akalivuta sinia, akaanza kula kwa mikono yote miwili huku akilamba mafuta vidoleni, na vinywa vilivyosikika vikitafuna vilikuwa saba.