Mara Mbili na Nusu Juu ya Hekalu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Yangdon alijaza maji katika vibakuli saba vya madhabahu ya nyumbani. Kazi hiyo ni ndogo kwa mtu asiyeifanya. Vibakuli hupangwa mstari mmoja, kati ya kimoja na kingine ibaki nafasi ya punje ya shayiri, na maji yakome chini kidogo ya ukingo, kwa kipimo cha punje hiyo hiyo. Maji yakipungua ni uchoyo, yakimwagika ni uzembe. Bibi Gyem, ambaye macho yake yalikuwa yameingia ukungu tangu mwaka juzi, alifuata nyuma akipima kila kibakuli kwa ncha ya kidole, na kidole kile hakikudanganyika.

"Leo umejitahidi," alisema Bibi. "Cha tano kimepungua kidogo, lakini miungu haina ugomvi asubuhi. Haya, nenda katazame."

Yangdon alijua anachotumwa kutazama. Alifungua mlango, baridi ikamchapa usoni, akakodoa macho kuelekea kinamasi kilicholala katikati ya bonde. Ukungu ulikuwa mzito, hata ng'ombe wa jirani hawakuonekana.

"Bado, Bibi," alipaza sauti, maana masikio ya Bibi nayo yalikuwa yameanza kuchagua ya kusikia.

"Wamechelewa. Labda wamesimama njiani kununua pilipili."

Waliokuwa wakisubiriwa ni korongo wenye shingo nyeusi. Kila mwaka, viazi vikishavunwa, ndege hao huruka kutoka Tibet, wakavuka milima ya theluji na kushuka katika bonde hili la Phobjikha kungojea baridi ipite. Watu wa bonde husema kwamba kabla ya kutua huzunguka hekalu la kilimani mara tatu, kama mahujaji. Bibi Gyem alikuwa na utaratibu wake: hatoki bondeni mpaka awasalimie korongo, ndipo hukubali kuteremka kwa mwanawe Phuntsho, kwenye mashamba ya mpunga, ambako baridi haiumi. Mwaka huu kifua kilianza kumsumbua mapema.

"Nenda tu, Mama," mama yake Yangdon alimsihi. "Korongo watakusamehe."

"Wao watanisamehe," alijibu Bibi, "mimi ndiye sitajisamehe. Nani ajuaye kama mwakani nitakuwapo? Nipe chai."

Hakuna aliyebishana naye. Nyumba ilikuwa yake, siku moja ingekuwa ya binti yake, na baadaye ya Yangdon, na katika nyumba ile neno la Bibi ndilo lililokuwa la mwisho.

Jumatano ile, Mwalimu Namgay aliingia darasani na barua iliyobandikwa stempu ya ng'ambo. Shule moja ya mbali ilitaka kujua habari za Bhutan. Kila mwanafunzi angeandika ukurasa mmoja kuhusu jambo la nchi yake ambalo mtoto wa kule hajawahi kuliona. Kurasa zote zingetumwa, na ule utakaowapendeza walimu kuliko nyingine ungesomwa na mwandishi wake kwenye sikukuu ya korongo, katika ua wa hekalu, mbele ya wageni na bonde zima.

"Andikeni mlichokiona kwa macho yenu," alisema mwalimu. "Habari za kusikia wanazo tayari."

Darasa lilijikuna vichwa. Nchi yao walikuwa wakiiona kila siku, wakaona haina jipya. Msichana wa dawati la nyuma aliuliza kama anaweza kuandika kwamba nyumbani kwao wanakula pilipili.

"Pilipili wanakula hata wao," alisema mtu.

"Wao wanatia kidogo mchuzini," alisema mwalimu. "Sisi tunaipika sufuria nzima na jibini, kama wao wanavyopika mboga."

"Sasa wao wanakula nini na wali?" aliuliza yule msichana, na alikuwa akiwahurumia kwa dhati.

Kuenley, aliyeketi mbele ya Yangdon, hakuwa na shida. Alikuwa amekwenda Thimphu, mji mkuu, na baba yake. "Mimi nitaandika habari za njia panda ya mjini," alitangaza. "Hakuna taa za barabarani. Askari anasimama katikati na glavu nyeupe, anayaongoza magari kwa mikono kama anacheza ngoma. Mji mkuu mzima, hakuna hata taa moja." Kisha akageuka. "Na wewe, Yangdon? Hujavuka hata kilima cha pili."

"Nitaandika habari za korongo."

"Korongo gani? Utaandika habari za ukungu?"

Darasa likacheka. Yangdon alicheka nao, lakini moyoni aliungua. Alikuwa na ari ya kusimama katika ua ule na kusoma, Bibi akiwa amekaa safu ya mbele na shali lake jekundu.

Alhamisi ukungu haukuinuka. Jioni, kando ya jiko la kuni, Yangdon aliketi na karatasi tupu magotini. Kesho ndiyo siku ya kukusanya. Alijiambia kwamba korongo lazima waje, kama si kesho basi keshokutwa, kwa hiyo kuandika kwamba wamekuja ni kama kutangulia tu. Akaandika: "Leo alfajiri nimewaona korongo wa kwanza, kumi na wawili. Wamezunguka hekalu mara tatu, kisha wakatua." Aliusoma ukurasa wake, akaona ni mzuri. Na kweli ulikuwa mzuri, ndiyo maana ukaleta balaa.

Ijumaa Mwalimu Namgay aliusoma kimya, halafu akausoma kwa sauti. Darasa lilipiga makofi. Mwalimu alitoa daftari la shule, lile ambalo kila mwaka huandikwa siku ya korongo wa kwanza, akajaza tarehe na jina la Yangdon pembeni.

"Hata mimi niliwasikia," alisema Kuenley, asiyetaka kupitwa. "Nilikuwa nimelala, lakini niliwasikia."

Habari ilitoka shuleni kabla ya wanafunzi. Ilipita dukani, ikapanda kwa watawa, na Yangdon alipofika nyumbani ilikuwa imekwisha kufika. Taa ya siagi ya shukrani iliwaka mbele ya vibakuli saba. Mafurushi ya Bibi yalikuwa yamefungwa. Mjomba Phuntsho alikuwa amepigiwa simu, na kesho asubuhi angekuja na pikapu.

"Njoo hapa," Bibi alimwita, akimwonyesha mahali kando yake. "Kwa nini hukuniamsha?"

"Ulikuwa umelala, Bibi. Ulikohoa usiku."

"Basi niambie. Walikuja upande gani?"

"Kaskazini," alisema Yangdon.

"Walikuwa na watoto?"

"Wawili."

Bibi alitikisa kichwa kwa furaha na kuushika mkono wa mjukuu wake. "Umeme ulipokaribia bonde hili, tuliambiwa nyaya zikipita juu, ndege hawa watazigonga wafe. Basi tukangoja zifukiwe ardhini. Wenzetu kwingine waliwasha balbu, mimi bado napika kwa mwanga wa kibatari, babu yako ananuna. Sikujuta hata siku moja. Kila walipokuja nilitoka nikawaambia, karibuni, mnaona hakuna waya." Akaufinya ule mkono. "Sasa macho yako ndiyo macho yangu, mama. Umewaona wewe, nimewaona mimi. Nitakwenda na moyo mweupe."

Yangdon aliomba ruhusa akalete kuni. Alikaa ghalani muda mrefu kuliko kuni zilivyohitaji, na akalia.

Jumamosi asubuhi pikapu ilinguruma nje. Mjomba Phuntsho alikuwa akipakia godoro, akimhimiza kila mtu, kwa sababu ameacha mpunga wake umekatwa umelala shambani. Ndani, Yangdon alijaza vibakuli. Cha kwanza kilikaa sawa, na cha pili. Cha tatu maji yalipanda hadi ukingoni, yakapita, yakatiririka juu ya mbao mpaka miguuni pake.

Bibi, aliyekuwa amekwisha vaa shali lake, alipeleka kidole. "Hiki kimefurika. Hujawahi kufurikisha tangu ukiwa na miaka saba. Una nini?"

"Hawajaja, Bibi."

"Sema kwa nguvu."

Hapo ikambidi aseme kwa nguvu, mlango ukiwa wazi, mama yake na mjomba wake wakisikia. "Korongo hawajaja. Sikuwaona. Niliandika tu ili nisome kwenye sikukuu."

Mjomba Phuntsho alizima injini. "Nimeacha mpunga," alisema taratibu, "nimekesha kutengeneza taa za gari, kwa ajili ya ndege wa karatasi." Mama yake Yangdon alifunika uso kwa aibu, kisha akafumbua kinywa kuanza kufoka, lakini Bibi aliinua mkono.

Bibi alivua shali lake, akalikunja polepole, mpaka Yangdon akatamani afokewe.

"Hivyo nimewashukuru wageni ambao hawajafika," alisema hatimaye. "Huko waliko watakuwa wamenicheka." Hakutabasamu. "Na ningekwenda. Ningekufa huko chini nikidhani nimewaaga. Phuntsho, shusha godoro langu."

"Mama, kifua chako."

"Kifua ni changu. Shusha."

Wakakubaliana siku tano. Zikipita, korongo waje wasije, Bibi angeteremka. Mjomba alirudi kwenye mpunga wake, na Yangdon akabaki akihesabu siku na vikohozi.

Jumatatu alisimama mbele ya darasa bila kuitwa. Alisema yote, tangu karatasi tupu mpaka godoro. Hakuna aliyecheka. Kuenley aliinama akatafuta kitu chini ya dawati ambacho hakikuwepo.

Mwalimu Namgay alifungua daftari la shule. Yangdon alidhani atauchana ukurasa. Mwalimu alipiga mstari mmoja juu ya tarehe, maneno yakabaki yanasomeka chini yake.

"Hatuchani," alisema. "Miaka ijayo watu wataona tulikosea, na wataona tulirekebisha. Kwenye sikukuu atasoma Kuenley, habari za askari wake wa glavu. Wewe utaandika ukurasa mwingine, wa kitu ulichokiona."

"Ndiyo, mwalimu."

"Kuenley, na wewe kuhusu ile sauti ya usingizini?"

"Nadhani alikuwa jogoo, mwalimu," alisema Kuenley, na hapo darasa likacheka, Yangdon pia.

Jumanne ukungu. Jumatano ukungu, na Bibi alikohoa mpaka akashikilia ukuta. Kila asubuhi Yangdon alitoka, akatazama, akarudi kusema "Bado," na neno hilo lilimchoma kuliko fimbo. Alhamisi, siku ya tano, pikapu ilirudi. Mjomba Phuntsho aliingia na kulibeba godoro. Bibi naye hakubisha, kwa kuwa alikuwa amekubali mwenyewe. Alikaa kizingitini akifungwa viatu na binti yake, uso umemshuka.

Ndipo upepo ulipoupasua ukungu upande wa kaskazini. Yangdon alisikia kwanza, mlio mwembamba wa mbali, halafu mwingine juu yake. Alikimbia hadi uani, akatazama, akarudi mbio akamwinamia Bibi sikioni.

"Bibi, wanakuja. Naapa, wanakuja."

Mjomba Phuntsho alimtazama mpwa wake kwa jicho la shaka, halafu naye akasikia. Aliliangusha godoro, akambeba mama yake mgongoni mpaka katikati ya ua. Korongo walipita juu ya paa kwa kelele nyingi kiasi kwamba hata masikio ya Bibi hayakuwa na la kuchagua. Bibi aliinua uso wake usioona, machozi yakimtoka.

"Wangapi?"

"Tisa. Mtoto ni mmoja."

"Wanaelekea hekaluni?"

"Wanaelekea. Wanazunguka sasa. Moja." Yangdon alimshika mkono, akawafuata kwa macho. Walipotea nyuma ya paa la dhahabu la hekalu, wakatokea tena. "Mbili." Walianza mzunguko wa tatu, wakafika nusu, kisha aliyetangulia akainamisha mabawa akakata kuelekea kinamasi, na wengine wote wakamfuata. Bibi alikuwa akingoja, midomo imefunguka kidogo, na kitu alichokuwa akikingoja kilikuwa neno moja tu, jepesi kulitamka.

"Mara mbili na nusu, Bibi," alisema Yangdon. "Hawakumaliza. Wameshuka kula."

Bibi alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka akacheka tena. "Walafi," alisema. "Safari ndefu, wana njaa." Kisha akauvuta uso wa mjukuu wake karibu na wake. "Sikiliza, mama. Ungeniambia tatu, ningejiuliza njia nzima mpaka mpungani kama ni kweli. Umeniambia mbili na nusu, sasa najua wamekuja. Mtu anayekuambia ukweli hata pale usipopendeza, huyo ndiye unayeweza kuona kwa macho yake. Usiniharibie tena macho yangu."

"Sitaharibu, Bibi."

Bibi aligeukia kinamasi na kusema kwa sauti ya mtu anayeita wageni waliosimama mlangoni, "Karibuni. Mnaona hakuna waya." Halafu akamwambia mwanawe, "Haya, nipakie kabla sijabadili nia."

Adhuhuri Mwalimu Namgay aliandika tarehe mpya katika daftari, chini ya ile iliyopigwa mstari. Ukurasa wa pili wa Yangdon ulikuwa mfupi kuliko wa kwanza, wala haukusomwa mbele ya wageni. Ulitiwa katika bahasha pamoja na pilipili za msichana wa nyuma na glavu za Kuenley, ukavuka bahari. Mahali pa hesabu ya mizunguko palikuwa pameandikwa mbili na nusu, na mwalimu hakusahihisha kitu.