Mihayo Mbele ya Lango la Isenga

Enzi zile misafara ya pembe za ndovu ilipokatiza Unyamwezi, na kila mtemi akitamani bunduki kuliko ng'ombe, vita viliwameza hata watoto. Mihayo alitekwa akiwa na miaka tisa. Alivishwa shuka jekundu, akapewa gobori lililomzidi kimo, akaambiwa kwamba sasa yeye ni rugaruga, mtu wa vita, na kwao ni kambini. Alipotimiza miaka kumi na minne alikuwa akiongoza wavulana kumi na mmoja, mateka kama yeye.

Mwaka wa ukame mkubwa jeshi lao lililizingira boma la Isenga. Asubuhi ya siku ya sita, jemadari Lugendo alimwita.

"Magogo ya ukuta yamelegea upande wa mtoni. Wavulana wako watangulie. Isenga wakimaliza risasi zao, sisi tutaingia."

"Jemadari, wamalize risasi juu ya watoto? Aliye mdogo kuliko wote ana miaka minane."

"Nimekuamuru, sikukuuliza."

Mihayo aliwarudia wenzake. "Nifuateni. Nitakalofanya, nanyi fanyeni."

Hakuelekea mtoni. Aliwapeleka peupe, jua likiwaka, hadi mbele ya lango kuu. Hapo akalilaza gobori lake chini. Wenzake nao wakalaza yao.

"Fungueni!" akapaza sauti. "Hawa ni watoto wa watu!"

"Mihayo!" Lugendo alinguruma kwa nyuma. "Rudi, au nakupiga!"

Mihayo akageuka, akatanua mikono kuwakinga wenzake. "Nipige mimi, jemadari. Hawa waache."

Risasi ikampasua bega. Aliyumba, hakuanguka. Lango likafunguka kidogo, na mwanamke mmoja akaita, "Ingieni, wanangu! Upesi!"

Lugendo akaamuru jeshi lote lifyatue. Hakuna aliyefyatua. Wengi wao nao walitekwa wakiwa wadogo, na sasa walitazama chini. Siku ya pili yake, nusu ya jeshi ilikuwa imetoroka, na Lugendo akauvunja mzingiro.

Wazazi wa wavulana wanne walipatikana. Saba waliobaki walilelewa na Mihayo. Mtemi wa Isenga alimpa cheo cha kuongoza walinzi wake. Yeye akakataa kwa heshima, akaomba shamba.

Wasimulizi wa nchi nyingine huwataja watemi na wingi wa pembe zao. Isenga husimulia habari za mvulana aliyesimama akivuja damu mpaka mwenzake wa mwisho alipopita langoni.